Magari ya zamani Jumamosi, Lubumbashi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi tunafungua geti la lupango (kiwanja chenye uzio) moja huko Katuba, tunatoa meza, tunatoa vyombo vya ufundi, na kabla ya saa nne huwa kuna mtu amesimama nje akiangalia. Mwisho anauliza. Maswali ni yale yale, na Mzee amechoka kuyajibu akiwa amelala chini ya gari, kwa hiyo nimepewa kazi ya kuyaandika.

Tuko watu saba tunaofufua magari ya zamani kwa kupenda tu: mstaafu wa reli tunayemwita Mzee tu, mwalimu wa hesabu, fundi wa kuchomelea, mama mmoja mshonaji nguo, ndugu wawili wanaouza simu kwenye soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi), na mimi ninayeandika, ambaye siku nyingine zote niko ofisini. Magari ni matatu: Coccinelle (Volkswagen Beetle) ya 1969, Peugeot 404 ya 1967, na Land Rover moja ambayo kwa sasa tuiite shauri tu, maana haina moteri.

Ninyi ni garaji? Naweza kuleta motokari yangu muitengeneze?

Hapana. Ukituletea Toyota yako ya kazi tutakuonyesha fundi wa kweli mtaani, na tutakuwa tumekusaidia sana. Fundi analipwa ili gari litoke leo. Sisi tumewahi kukaa Jumamosi nne kwenye mlango mmoja wa Coccinelle kwa sababu mlio wake ukifungwa ulikuwa haujatupendeza.

Mbona mnasema bujii, kriki, freni? Hicho ni Kiswahili gani?

Njo vile tunasema huku. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atafsiri hivi: bujii ni plagi, kriki ni jeki, freni ni breki, ambreyaji ni klachi, moteri ni injini, kle ni spana, pine ni tairi, esanse ni petroli, mazuti ni dizeli. Maneno haya yalikuja pamoja na magari yenyewe, yakazoea mdomo.

Lakini swali hili si la mchezo. Piesi (vipuri) nyingi zinapitia Kasumbalesa, mpakani, kilomita kama 90 kutoka hapa, na upande wa pili ni Zambia. Muuzaji wa kule ukimwambia "bujii" anakutazama tu. Kwa hiyo kila piesi tunaijua kwa majina mawili, na la tatu pale kijana wa dukani anapokuwa na jina lake mwenyewe. Njia ya uhakika ni kubeba piesi iliyokufa mfukoni na kuiweka kwenye kaunta. Chuma hakihitaji mkalimani.

Gari linaitwa la zamani likiwa na miaka mingapi?

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, inataka miaka 30 angalau, gari litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe la kutumika kila siku. Kwa kipimo hicho cha miaka nusu ya magari yanayopita barabara ya Kasenga yangeingia, ila yanabeba makala (makaa) na vitunguu kila siku! Kwetu kipimo ni kingine: kama moteri ina karburateri na mtu anaweza kuielewa kwa kuitazama, tunalipokea.

Nianze na gari gani?

Coccinelle. Wenzangu wawili watakuambia 404, usiwasikilize mwaka wa kwanza.

Coccinelle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa saba 2003. Maana yake piesi bado zinatengenezwa, na moteri yenyewe haina radiata, haina pompi ya maji, haina kitu cha kuvuja isipokuwa oili. Watu wawili wenye kriki na subira wanaitoa kabla ya saa sita mchana. Oili ni lita 2 na nusu. Supapu (vali) zinarekebishwa moteri ikiwa baridi kabisa, kwa nafasi ya milimita 0.15, na "baridi kabisa" maana yake imelala usiku mzima, si kwamba umekunywa soda moja ukaanza.

404 ni gari la heshima. Kila mzee wa mji huu ana hadithi ya 404, na sababu iko wazi: lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ule mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yalifika mwisho. Moteri yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande kwa nyuzi 45, gia ziko kwenye usukani, na ukiendesha polepole jioni watu wanakusalimia kama vile umerudi kutoka safari. Lakini lina siri zake, na siri moja ilitugharimu sana. Nitaisema chini, kwenye oili.

Mercedes W123 ni nzuri na itakuzika kwa bei. Land Rover ya zamani ina boti (bolti) za vipimo vya Kiingereza, kle zako za milimita zitazilegeza kidogo kisha zitazikwangua pembe. Tunalo. Najua ninachosema.

Niangalie nini kabla ya kulipa?

Kutu kwanza, moteri mwisho. Moteri mbaya inatengenezeka, sakafu iliyooza ni kazi ya mwaka.

Kwa Coccinelle, nyanyua kiti cha nyuma. Bateri iko hapo, upande wa kulia, na asidi yake na maji ya mvua vinakula sakafu kuanzia chini yake. Bonyeza kwa bisibisi. Kama bisibisi imeingia ukaona mchanga wa barabara, tabasamu, rudisha kiti, teremsha bei. Ukiwa hapo hapo tazama namba ya shasi iliyopigwa juu ya ule mgongo wa katikati, ilinganishe na karti roze (kadi ya gari). Namba zisipolingana usiteremshe bei, ondoka.

Jambo moja zaidi kuhusu kiti hicho. Springi zake ni za chuma, na mtu mnene akikaa zinaweza kugusa vichwa vya bateri. Coccinelle zimeungua hivyo. Funika bateri kwa kifuniko chake, au kipande cha mpira mzito, kabla hujaenda popote.

Pesa mnafanyaje? Nani analipa?

Hili ndilo swali la kweli. Vikundi vingi vya namna hii mjini havikuvunjwa na moteri, vilivunjwa na dolari 15 ambazo kila mtu alikumbuka kwa namna yake.

Sisi tuna likelemba. Kila mmoja anatoa dolari 20 kwa mwezi, jumla 140, na kila mwezi zote zinaingia kwenye gari moja lililochaguliwa. Zinanunua piesi tu. Chakula, usafiri na vinywaji haviguswi na pesa hiyo hata siku moja, na kanuni hii tuliiandika baada ya mwezi mmoja ambapo michopo ya mbuzi ilikuwa imekula pine mbili.

Halafu kuna kayee. Ni daftari la shule la kurasa 100, jalada lake limelowa oili mpaka linang'aa, na kila kitu kimo: nani alitoa, nani anadaiwa, nani aliazima kle ya 17, boti ngapi zilitoka kwenye karburateri na zimewekwa kwenye kopo gani. Mwalimu ndiye anaandika, kwa kalamu nyekundu kama kwa wanafunzi wake. Zamani tulimcheka. Kisha mwenzetu wa nane akahamia Kolwezi akadai kwamba karburateri ya Land Rover ni yake. Tukafungua kayee, ukurasa wa mwezi wa sita, tukakuta ni yake kweli. Tulikuwa sote tunakumbuka vibaya. Akaichukua, tukala bukari (ugali) pamoja, akaenda kwa amani na bado anatupigia simu. Bila lile daftari angeondoka kama mwizi na sisi tungebaki tukimsema.

Gari lenyewe ni la nani? La mtu mmoja, daima. Jina moja kwenye karti roze. Gari la watu saba ni gari lisilo na mtu wa kulifunika mvua ikianza.

Piesi mnapata wapi?

Kasumbalesa kama nilivyosema, kwa wauzaji wa vyuma chakavu hapa mjini, na mara moja moja mtu anayetoka Ubelgiji akikubali kubeba kitu kidogo kwenye valizi. Vitu vikubwa au gari zima kutoka nje, kaa kwanza na deklara wako (wakala wa forodha) kabla ya kutuma hata dolari moja.

Jihadhari na kitu kimoja kutoka Zambia: taa za mbele. Wao wanaendesha kushoto, sisi kulia. Taa zao zikiinamishwa zinamulika mbali zaidi upande wa kushoto, yaani ukingo wao wa barabara. Ukizifunga hapa, zinamulika machoni mwa anayekuja mbele yako. Tuliuziwa jozi nzuri, mpya, tukazifunga kwenye 404 kwa fahari, na usiku wa kwanza kila lori lilitupigia taa. Tukadhani wanalisifu gari.

Gari langu linatoa moshi mweusi na bujii zina masizi. Ni esanse mbaya?

Kila mtu anasema esanse mbaya. Pengine. Lakini tazama kwanza mahali ulipo: Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya pwani. Karburateri iliyopimwa kiwandani kwa hewa ya chini inatoa esanse nyingi mno kwa hewa inayoingia, na ziada ndiyo hayo masizi.

Kabla ya kubadili chochote, hakikisha starteri ya otomatiki (choki) haijakwama imefunga, kwa sababu dalili zake ni zile zile na dawa yake ni bure. Ikiwa iko sawa, teremsha jikleri kuu (kile kitundu cha karburateri kinachopima esanse) kwa namba moja, zunguka mji siku mbili, toa bujii utazame. Rangi unayotaka ni ya kahawia, kama chai ya maziwa. Usimruhusu mtu kupanua au kuziba tundu la jikleri kwa waya, hata kama ni mjomba wako.

Ile nguvu ambayo moteri inapoteza kwa hewa hii nyepesi, usiitafute. Imebaki baharini.

Na kama ni kiangazi, fungua filta ya hewa. Ya Coccinelle yetu ni bakuli lenye oili chini. Mwezi wa nane Mzee alilifungua, akaingiza kidole, akakitoa kimefunikwa tope jekundu zito kama lile la kichuguu tunalofyatulia matofali. "Hii yote ingekuwa ndani ya moteri," akasema, akampaka mmoja wa wale ndugu puani. Tangu mwezi wa tano hadi mvua zianze tunabadili oili ile kila wiki ya tatu.

Gari haliwaki kabisa. Nianzie wapi?

Moto, kisha esanse, kwa mpangilio huo. Kwa magari haya, mara nyingi kosa liko kwenye visi platine, vile vinundu viwili vinavyofunguka na kufunga ndani ya disitribiteri. Vinaungua, vinapata doa la bluu, nafasi yake inapotea. Kwa Coccinelle nafasi ni milimita 0.4. Mzee hutumia kipande cha pakiti ya sigara kilichonyooshwa, anakipitisha, anafumba macho kama anasikiliza. Mwalimu anapita nyuma yake na kipimo cha chuma. Hadi leo hajamkamata.

Oili gani?

Soma kitabu cha gari, si maneno ya muuzaji. Sasa ile siri ya 404.

Gari hili gia zake zinatumia oili ya moteri, jambo ambalo hakuna atakayeliamini ukilisema dukani. Na nyuma, kwenye ponti (difu), kuna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Oili nyingi za kisasa za ponti zina dawa kali ya salfa iliyotengenezwa kwa meno ya chuma kwa chuma, na dawa hiyo inashambulia shaba. Mimi ndiye niliyekwenda kununua. Muuzaji akanipa "ile nzuri zaidi, ya malori", nikaona nimepata bahati, nikaijaza.

Miezi mitano baadaye ponti ikaanza kulia kama mbu. Tulipofungua kifuniko cha vidanji (cha kumwagia oili) oili ilitoka polepole, nyeusi, na ndani yake kitu kinang'aa. Mama mshonaji akaichota kwa kijiko, akaielekeza juani: unga wa dhahabu, mzuri kabisa kwa macho. Ile ilikuwa meno ya gurudumu letu. Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu akafungua kayee, akaandika tarehe, jina la oili, na jina langu. Ukurasa huo bado upo na kila mgeni anaonyeshwa.

Esanse ya siku hizi haina risasi. Haitaharibu moteri ya zamani?

Nchi zetu za kusini ya Sahara ziliacha esanse yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na magari yetu bado yanatembea. Hatari iko kwenye viti vya supapu vilivyo laini, hasa ukikimbiza gari safari ndefu. Pima nafasi za supapu mara nyingi zaidi. Zikiendelea kupungua, kiti kinazama, na siku ya kufungua kichwa cha moteri weka viti vigumu. Kinachotusumbua zaidi ni mabomba ya mpira. Yanakauka, yanapasuka, na kwenye Coccinelle bomba la esanse liko juu ya moteri ya moto. Tunayabadili yote kila gari likiingia, bila kujadiliana, na kizima-moto cha unga kinakaa mezani, si ndani ya nyumba.

Ni hatari?

Ndiyo. Kriki ni ya kunyanyua tu, kamwe si ya kushikilia. Hakuna anayeingia chini ya gari kabla ya shandeli (stendi za chuma) mbili kuwekwa na mtu wa pili kulitikisa. Matofali hayaruhusiwi, yanapasuka bila kuaga.

Freni tunazitengeneza kabla ya moteri. Vijana wanachukia jambo hili, kwa sababu wanataka kusikia mlio. Ila gari lisilowaka halijamuua mtu. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani, yabadili kila miaka miwili, na usimsikilize anayekuambia kwamba maji ya sabuni yanafaa. Yanakufikisha nyumbani mara moja, kisha kutu inaanza ndani. Vumbi la freni za zamani usilipulize, mara nyingi lina asibesto. Lowesha, futa, tupa kitambaa.

Wanawake wanaruhusiwa?

Karburateri zote za lupango hii zinafunguliwa na mama mshonaji, kwa sababu ndiye peke yake anayeweza kurudisha kile kipini kidogo cha floti (boya) bila kukiangusha kwenye mchanga. Swali linalofuata.

Mnakwenda matembezi?

Kiangazi, Likasi, kilomita kama 120. Tunaondoka alfajiri kabla malori hayajajaa.

Beba mkanda wa akiba. Kwenye Coccinelle mkanda mmoja unazungusha dinamo na feni inayopoza moteri, ukikatika taa nyekundu inawaka na unasimama pale pale. Pale pale. Mdogo wa wale ndugu aliona taa, akaona pia mwembe mbele, akaamua afike kivulini kwanza. Ilikuwa kilomita mbili. Silinda namba 3, ambayo imejificha nyuma ya kipoza-oili na kila siku inapata hewa ya mwisho, ndiyo iliyolipa: supapu iliungua, likelemba za miezi miwili zikaenda. Sasa akipita mwembe wowote tunamuuliza kama anataka kupumzika.

Kubadili mkanda wenyewe ni dakika kumi: kle ya 21, bisibisi ya kuzuia puli, na rondeli (washa) nyembamba unazozihamisha ndani au nje mpaka mkanda ubonyee kidogo chini ya dole gumba.

Mnauza?

404, hapana. Coccinelle, hapana. Land Rover, tuongee.

Naweza kuja?

Jumamosi, saa mbili. Vaa nguo ambazo hazitakuletea maneno nyumbani. Mara tatu za kwanza utaosha boti kwa mazuti na kuzipanga kwenye makopo, sote tulianzia hapo, hata mwalimu. Na njoo na kikombe chako, tuko watu saba na vikombe ni vinne.